Kigingi Kilichocheza

Mwanangu yuko hai. Naanza na hilo ili usinisome huku umeshika kifua, kama nilivyokishika mimi siku ile. Aliyekufa ni mtoto wa mwanamke mwenzangu, kijana mwoka mikate, ambaye mwanangu alikuwa amefahamiana naye kwa asubuhi moja tu. Watu wakasema amekufa kwa sifa. Wakasema alikuwa anamringia msichana juu ya mawe. Hayo si kweli, na duniani kote alikuwepo mtu mmoja tu anayejua kwamba si kweli, naye alikuwa amelala chumba cha pili nyumbani kwangu, uso umegeukia ukutani, hasemi.

Mimi niliishia darasa la saba. Kazi yangu ni kupiga pasi mashuka ya hospitali. Mlima sijawahi kupanda na sitapanda. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa mwanangu kidogo kidogo, nikamrudisha nyuma mara nyingi mpaka nikapaona mahali penyewe kana kwamba nilikuwepo. Nayaandika kwa ajili yako wewe kijana unayefunga kamba za viatu sasa hivi, na kwa ajili yako mzazi uliyesimama mlangoni unamwangalia, hujui umwambie nini zaidi ya nenda salama.

Huyu ni kitinda mimba wangu. Kazi yake ni kupanda minara ya simu, kukaza nati, kubadilisha mitambo kule juu, kupaka rangi vyuma vilivyoanza kushika kutu. Wenzake wanamwita Komba. Alipoanza kazi hiyo nilikuwa nikipita barabarani naangalia juu, nikiona kitu cheusi kwenye mnara nasimama palepale. Nikimwambia jioni, anacheka mpaka anashika meza. "Mama, yule ni kunguru."

Siku moja akaamua kunitoa hofu. Akaniletea mkanda wake wa kazini, akanivalisha palepale sebuleni, juu ya kanga, akanionyesha kulabu zake mbili. Moja haifunguliwi mpaka nyingine imeshafungwa. Hata kama unataka kujikuna tu, mkono mmoja. Na chuma cha mnara, akasema, hakidanganyi mtu. Kimepimwa kabla ya kufungwa, kimefungwa na fundi, na yupo mkaguzi anayekuja kukigonga. Ukikishika, nacho kimekushika. Nilisimama pale nimefungwa kama mzigo wa kwenda safari, nikamwamini. Tangu hapo nikaanza kupata usingizi.

Kisha akaingiwa na milima. Siku za mapumziko wenzake wanalala, yeye anafunga begi. Alikuwa akienda na fundi mwenzake, jitu moja lenye sauti kubwa tunaloliita Bonge, na hao wawili wakiwa pamoja hawakuwa na adabu hata chembe. Wakirudi na kukaa jikoni kwangu wanahadithiana, ni kelele tupu. Bonge akiliona jiwe halieleweki alikuwa anamwambia Komba toa hilo guu lako hapo, utaniua nina watoto. Naye anamjibu kwamba kwa tumbo lile, watoto wanalelewa na mlima. Mmoja akichoka anasema nimechoka, turudi, na mwenzake anamwita mwoga njia nzima, lakini wanarudi. Nilikuwa naichukia lugha yao. Niliwahi kumkemea mwanangu, nikamwambia mtoto wa kike hazungumzi hivyo.

Kuna mgongo mmoja wa mlima ambao wapandaji wanauita Msumeno, kwa sababu juu yake mawe yamekaa kama meno. Hao wawili walikuwa wameupangia siku nyingi, wameombea ruhusa kazini. Siku inakaribia, Bonge akategua mguu. Si mlimani. Alitegua akishuka kitandani, na walimcheka ofisi nzima. Nikadhani safari imekufa, nikashukuru kimoyomoyo. Asubuhi nikamkuta binti yangu anajaza chupa za maji. Nikamwambia mlima haukimbii, mngoje mwenzio. Akasema ruhusa nayo haingoji. Nikamwambia basi usipande peke yako. Akaniambia nisihofu, hata langoni hawaruhusu mtu peke yake.

Na kweli hawaruhusu. Chini ya mlima ule pana lango, na sheria ya pale ni kwamba kwenye Msumeno hapiti mtu mmoja. Langoni alikuwepo mama mmoja mwenye sweta, amekaa dirishani. Mwanangu akaanza kumbembeleza, na yule mama anatikisa kichwa. Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa kijana, begi miguuni, naye amekwama kwa sababu ileile. Alizoea kupanda na mdogo wake, na mdogo wake amepata kazi mbali. Mama wa langoni akamwangalia huyu, akamwangalia yule.

"Nyinyi wawili si mnakwenda kulekule? Basi andikeni hapa, mmoja chini ya mwenzake. Nimewaozesha. Talaka mtadai mkirudi."

Wakacheka kwa aibu, wakaandika, lango likafunguliwa.

Simlaumu yule mama. Sheria ile imetungwa na watu wenye nia njema, na wewe utakapofika kwenye lango kama lile utaikuta. Ila uijue ilivyo. Inahesabu vichwa. Haiulizi kama vichwa hivyo vinaweza kugombana.

Njiani wakajuana. Mwoka mikate huyo alikuwa mpole, hana makuu. Mikono yake ilikuwa na alama za tanuri mpaka karibu na viwiko. Alikuwa amebeba mikate aliyoioka mwenyewe, na kila walipopumzika alimkatia mwanangu kwanza ndipo akajikatia yeye. Alimwita dada, ingawa ni wa rika moja. Alipoulizwa kama anaujua mlima, akasema ameupanda mara nyingi kwa njia ya kawaida, kwenye Msumeno bado, ila wenzake wamemweleza. Mwanangu naye akasema migongo midogo midogo ameshaipita, huu bado. Kisha akamtajia kazi yake.

"Mtu wa minara? Basi leo mimi mwanafunzi, dada."

"Aa, kaka, mimi mlima nabahatisha tu. Wewe ndiye mwenyeji."

Wakatukuzana hivyo mpaka miti ikaisha. Mwanangu anasema ilikuwa asubuhi nzuri. Anasema alijisikia ametulia, kwa mara ya kwanza anatembea na mtu asiyempigia kelele.

Msumeno wenyewe ulivyo, nimemfanya aniambie kwa mikono. Kuna mahali unatembea kwa miguu. Kuna mahali unapanda kwa mikono na miguu kama mtoto anayepanda ngazi. Na kuna mahali mgongo unakuwa mwembamba, upana wake ni kama meza yangu ya kupigia pasi, na pande zote mbili hakuna kitu. Nilipoambiwa hivyo, kesho yake kazini niliiangalia ile meza mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha kabla hawajafika, mawe yana unyevu. Upande mmoja ukungu umejaa, upande wa pili upepo unapanda kutoka chini na kuwapiga usoni.

Walipofika pale panapoanza kuwa pembamba, wote wawili walisimama. Kamba ilikuwepo. Ilikuwa kwenye begi la kijana, nzuri, ndefu. Mwanangu aliuona mkono wake ukienda kwenye kifungo cha begi na kukaa pale. Kisha akamtazama mwanangu.

"Unaonaje, dada?"

"Mimi naona sawa tu. Labda wewe."

"Mimi sina neno."

Mkono ukatoka kwenye kifungo. Mwanangu alikuwa anaitaka ile kamba. Kazini hapandi hata urefu wa mlango bila kujifunga. Lakini akawaza, nikisema tujifunge, ataona namshuku kwamba ataanguka na kuniburuta. Mgeni, amenikatia mkate, nimwambie simwamini? Na yule kijana aliwaza nini hatujui, ila nadhani aliwaza kumwambia mtu wa minara ajifunge kamba ni kama kumwambia mpishi jinsi ya kuchemsha maji. Basi kamba ikaingia Msumeno ikiwa ndani ya begi.

Wakabishana kidogo nani atangulie. Tangulia wewe. Hapana, tangulia wewe. Akatangulia mwanangu. Na kule juu, mahali ambapo ukiteleza hakuna wa kukuokota, walikuwa wanaombana radhi. Samahani, nimekurushia mchanga. Pole, dada. Asante, kaka. Kuna jiwe mwanangu alilikanyaga likatikisika, akalipita bila kusema, akasikia nyuma yake yule kijana naye amelikanyaga, likatikisika, naye hakusema. Kila mmoja akadhani mwenzake hakuona kitu cha kutisha, akajikaza.

Karibu na mwisho wa pale pembamba kuna pengo. Mgongo umekatika, na ili uvuke unashuka kidogo upande wenye ukungu, unaweka mguu kwenye bamba la jiwe lililoinama, unajivuta mpaka ng'ambo. Si mbali. Mtu mrefu angeweza karibu kulivuka kwa hatua moja, kama lingekuwa chini barabarani. Juu ya bamba hilo, kwenye ufa, kilikuwa kimepigiliwa kigingi cha chuma, cha zamani, kichwa chake kimepinda. Nani alikipiga na lini, hakuna ajuaye.

Mwanangu anasema alipokiona kile chuma moyo ulimtulia, kama mtu aliyepotea sokoni akaona uso wa ndugu yake. Tangu asubuhi alikuwa anashika mawe asiyoyajua, na sasa amekuta kitu cha kazini kwake. Hakukigonga. Hakukitikisa. Angeweza kuokota jiwe na kukigonga asikilize mlio, anajua kusikiliza, ndiyo kazi yake. Lakini kazini kigongwacho na mkaguzi yeye hukishika tu, na mkono wake ulikwenda wenyewe. Alikishika kwa kiganja kizima, akashusha mguu, akaning'iniza uzito wake wote pale, akavuka.

Uzito wake ulipokuwa unahama, kigingi kilicheza.

Si sana. Kama jino la mtoto linapoanza kulegea, ambalo hata mtoto mwenyewe bado hajalijua. Alikisikia kwenye vidole. Akafika ng'ambo, akashika jiwe, akageuka, mdomo umefunguka ili aseme. Yule kijana alikuwa ameshachuchumaa ukingoni anamtazama, anatabasamu.

"Safi kabisa, dada. Chuma kimekubali?"

Naye akamjibu, "Kiko sawa."

Nimemuuliza kwa nini. Nimemuuliza kwa upole, na siku moja nimemuuliza vibaya. Anasema neno lilikuwa hapa, mama, na anagusa koo. Anasema aliona haya. Tangu asubuhi ameitwa mtu wa minara, mtu wa vyuma, na sasa aseme chuma kimemtisha? Akawaza pia kwamba kimembeba yeye, kitambeba na mwenzake. Akawaza akimwambia atamtia hofu bure mahali pabaya. Aliwaza hayo yote kwa muda ule wa kufunga na kufungua macho. Nikamuuliza, je, angekuwa Bonge? Akasema Bonge angemwambia usikiguse, ng'ombe wewe, pitisha kamba kwanza. Angemwambia hivyo bila hata kuwaza.

Kijana alikuwa mzito kuliko yeye, na mgongoni amebeba begi, na ndani ya begi ile kamba. Alikishika kigingi palepale mwanangu aliposhika. Akaweka mguu palepale. Kwanza zilitoka chembe za jiwe kwenye ufa. Kisha kigingi kikatoka chote, taratibu, kikabaki mkononi mwake. Mwanangu anasema kijana alikitazama kama mtu aliyevunja kikombe nyumbani kwa wenyewe. Hakupiga kelele. Midomo yake ilisema kitu. Mwanangu anasema ilisema samahani. Mimi nimemwambia huwezi kujua, ulikuwa mbali, upepo ulikuwa unavuma. Lakini anashikilia hilo.

Baada ya hapo alikaa juu ya ule mgongo, miguu imening'inia huku na huku kama mtu aliyepanda ukuta, amekumbatia jiwe, anaita. Jina lenyewe alikuwa amelisikia mara moja tu, langoni, akaogopa kwamba analikosea. Ukungu haukujibu. Simu ilikuwa inashika mawimbi. Akapiga waokoaji, kisha akanipigia mimi.

Nilikuwa kwenye meza ya pasi. Nilisikia sauti yake na nikajua kabla ya maneno. Aliniambia, mama, mimi mzima, usiache simu. Shuka lililokuwa mbele yangu likaungua, chumba kizima kikajaa harufu, na mimi nimesimama na simu sikioni, namsikiliza mwanangu akipumua na upepo ukipita. Nilimwambia kaa hapohapo, usisogee, mama yuko hapa. Nilikuwa wapi mimi, kwenye chumba cha mashuka.

Waokoaji wakamfikia mchana, wakamfunga kamba, wakamteremsha kama mzigo. Mwili wa kijana wakaupata kesho yake. Mmoja wao alimuuliza mwanangu, kwa huruma tu, jamaa aliteleza? Akaitikia kwa kichwa. Wakaandika aliteleza. Likaishia hapo.

Sasa nikuambie wewe uliye njiani. Sikukatazi kupanda. Mwanangu hakunisikia, na wewe hutanisikia. Nakuambia hivi. Mtu uliyekutana naye leo asubuhi, mpole, msafi, anayekukatia mkate, huyo mwogope. Usimwogope kwa ubaya wake. Ogopa adabu yako wewe mbele yake. Ukitaka kamba, sema nataka kamba. Ukiogopa, sema naogopa, acha akucheke. Kitu kikicheza mkononi mwako, kitaje kabla hujavuta pumzi, kwa sauti mbaya, hata kama utaonekana huna malezi. Malezi tuachie sisi huku chini.

Mwanangu aliporudi hakuongea. Alikuwa anakula akiambiwa kula, anaoga akiambiwa oga. Bonge alikuja na mguu wake umefungwa bandeji, akakaa kitandani pembeni yake, akajaribu mzaha mmoja, ukafa mdomoni. Akalia yeye, lile jitu, na binti yangu akabaki macho makavu.

Mimi nikarudi kazini. Mkate wa pale hospitali unatoka kwenye tanuri alilokuwa anafanya kazi yule kijana, na anayeuleta ni mtu wa maneno. Ndiye aliyetuletea habari zilivyo huko. Kwamba wenzake wanasema jamaa alijifanya anajua, akakutana na msichana langoni, akataka kumwonyesha. Kwamba mtu mzima anavuka mahali ambapo msichana mdogo amevuka bila shida, yeye anaanguka, hizo si sifa ni nini? Kwamba mama yake anazunguka kuwaambia watu mwanangu hakuwa hivyo, mwanangu alikuwa mwangalifu, na watu wanamwitikia ndiyo mama, ndiyo mama, akigeuka wanatazamana.

Nilimweleza binti yangu hayo jioni, nikidhani namfungulia mazungumzo tu. Akageuka kutoka ukutani, akakaa, akaniambia yote. Kamba, kigingi, chuma kimekubali, kiko sawa. Nilijua anachotaka kufanya kabla hajakisema, na niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya simu.

Nikamwita kaka yangu. Yeye ndiye tunayemwita kwenye mambo mazito, na anapenda kuitwa. Akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema mbona hili ni jepesi. Umeulizwa, umejibu, limekwisha. Sasa unataka kwenda mwenyewe kwa miguu yako kuwaambia watu wenye msiba kwamba mtoto wao umemuua wewe? Wakikupeleka polisi? Kazini wakisikia mtu wa minara hakusema chuma kimelegea, nani atapanda na wewe tena?

"Marehemu hasikii hayo maneno ya watu, mpwa wangu," akamalizia, kwa sauti ya kubembeleza.

"Mama yake anayasikia," binti yangu akamjibu.

Kaka yangu akanigeukia mimi, nimsaidie. Sikuwa na nguvu ya kumzuia mtoto wala nguvu ya kumsukuma. Nikasema nitakwenda naye. Ndilo nililoliweza. Kaka yangu akavaa miwani yake, akasema basi mimi sijasikia kitu hapa, akaondoka bila kumaliza chai.

Tulikwenda asubuhi ya siku ya mapumziko. Nyumba yao ipo nyuma ya tanuri, barabara nzima inanukia mkate. Viti vya msiba vilikuwa bado vimepangwa kimoja juu ya kingine ukutani. Mama yake ni mwanamke mfupi, nguo zimekuwa kubwa mwilini mwake. Mtu wa jirani alipomtajia sisi ni nani, alinyanyuka, akamkumbatia binti yangu, akamshika muda mrefu. Akasema, mwanangu, ahsante, hakuwa peke yake. Akasema alikuwa anaomba Mungu amlete aliyemwona mwisho. Nilitamani sakafu ipasuke.

Binti yangu akajitoa kwenye mikono yake polepole. Akakataa kukaa. Akaeleza akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa ofisini. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye kigingi akasema kilicheza mkononi mwake.

"Alikuuliza?" yule mama akasema.

"Aliniuliza, mama."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia kiko sawa."

Nje kuna mtu alikuwa anapakia trei za mikate kwenye gari, zinagongana. Mimi nilikuwa nasubiri kofi. Nilikuwa nimejiandaa kuingia katikati.

"Kilicheza kiasi gani?"

Binti yangu akatazama huku na huku. Ukutani palikuwa na kabati la vyombo, kishikio chake kimelegea kidogo. Akakishika kwa vidole, akakitikisa. Akakibana ili kisicheze sana kama hapo. Akatikisa tena.

"Hivi."

Mama akaja, akamwondoa mkono, akakishika yeye. Akakitikisa.

"Hivi tu?"

"Hivi tu."

"Kwa hiyo mwanangu hakukanyaga vibaya."

"Hapana, mama. Alikanyaga nilipokanyaga. Alishika niliposhika. Alivuka vizuri kuliko mimi."

Mama akaita kuelekea ndani. Akatoka mdogo wa marehemu, yule aliyepata kazi mbali, amerudi kwa msiba. Mama akamwambia binti yangu, sema tena. Akasema tena, kuanzia kwenye kamba. Jirani akaingia, mama akamwambia sema tena. Kisha akamtuma yule mdogo kwenye tanuri akawaite wenzake wa kazi, wakaja watatu na mkubwa wao, unga mpaka kwenye nyusi, wamevua kofia. Mleta mikate wetu wa hospitali alikuwa nyuma yao, akaniona, akaangalia chini. Sema tena. Binti yangu akasema. Kila akimaliza walikuwa wanamtazama yeye, na kila uso nilikuwa naona unavyobadilika, kwanza huzuni, halafu kile kingine. Sikuweza kumkinga na hicho. Sauti yake iliisha kabla watu hawajaisha, mwisho akawa anasema kwa pumzi tu, na wao wanainama ili wasikie.

Mkubwa wa tanuri akasema, basi tumemkosea. Wenzake wakaitikia.

Mama hakumtukana mwanangu. Hakumsamehe pia. Mimi nilipiga moyo konde nikamwambia dada, hatuna la kusema, tunaomba radhi. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Wako unarudi naye nyumbani," akaniambia. "Nendeni."

Tukaelekea mlangoni. Binti yangu akarudi hatua, akanyoosha mkono kumuaga, kama nilivyomfundisha tangu mdogo kwamba hutoki nyumba ya watu bila kuaga. Akabaki ameunyoosha. Mkono wa yule mama ulikuwa kwenye kishikio cha kabati, na haukutoka pale.